Paka mzee anakataa chakula: mwangalie anavyokataa kabla hujabadilisha sahani

Sukari alifika kwetu Kibuli, Kampala, kwa boda, ndani ya kikapu kilichofungwa kanga. Waliokuwa naye walikuwa wanahama Uganda na safari haikumhusu paka. Umri wake, walisema, ni miaka 12, "au 13 hivi". Wakaniachia nusu mfuko wa chakula kikavu na maneno ya kunituliza: huyu hachagui, anakula chochote. Siku ya kwanza hakugusa kitu. Siku ya pili alinusa sahani ya mukene, wale dagaa wa ziwani, akakwaruza sakafu kuizunguka kama afukiavyo kinyesi chake, akarudi chini ya kitanda.

Hajati jirani yangu alichungulia mlangoni.

"Mwanangu, usimbembeleze. Njaa ikimshika atakula mwenyewe."

"Na asipokula, hajati?"

"Atakula. Paka ni paka."

Kwa paka kijana mwenye afya pengine angekuwa na haki. Paka mzee ni habari nyingine. Asipokula, mwili huyavuta mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliwezi kuyashughulikia kwa wingi huo. Mafuta yanajazana, ini linalemewa, hamu ya kula inazidi kupotea, na kadiri asivyokula ndivyo mafuta zaidi yanavyoshuka. Paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi, na siku mbili tatu za kufunga zinatosha kuyaanzisha hayo.

Nilichojifunza kwa Sukari ni kwamba jina la chakula anachokataa halisemi mengi. Namna anavyokikataa ndiyo inayosema. Yuko anayetaka kula ila hawezi, yuko anayeweza ila hataki, na yuko ambaye hajui hata kama ulichomwekea ni chakula. Ukiwachanganya hawa watatu utanunua kila mkebe wa supamaketi na paka ataendelea kukonda.

Anza na saa

Andika mara ya mwisho alipokula. Zikipita saa 24 bila chochote, mpigie daktari wa mifugo. Zikifika 48 usipige tena, mpeleke. Usisubiri hata hizo saa ukiona weupe wa macho, fizi au ndani ya masikio umegeuka manjano, akipumua mdomo wazi, akitapika mfululizo, au akichuchumaa kukojoa bila mkojo kutoka. Hilo la mwisho, kwa dume hasa, ni la kuamsha watu usiku.

Kampala kuna kliniki za wanyama wadogo, na Makerere kwenye chuo cha tiba ya mifugo wanatibu paka pia. Ukiwa mbali na mji, daktari wa mifugo wa wilaya kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo uliza mapema kama ana mkono wa paka. Na tafadhali, usimpe Panadol ukidhani ana maumivu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua: mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo.

Anakuja mbio, anaweka mdomo, anarudi nyuma

Huyu njaa anayo. Mwangalie kwa karibu, hata kama itabidi ulale kifudifudi sakafuni kama nilivyofanya mimi. Sukari alichukua punje moja, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akatafuna mara mbili, punje ikadondoka. Niliiokota: ilikuwa nzima, imelowa mate, na kwenye ncha yake kulikuwa na alama nyekundu ndogo kama ya kalamu.

Meno ndiyo ya kwanza kushukiwa kwa paka mzee. Inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba. Mstari mwekundu pale fizi inapokutana na jino, ukoko wa kahawia kwenye magego, harufu inayokufanya ugeuze uso, vyote vinazungumza. Kuna ugonjwa mwingine wa paka ambapo jino linaliwa lenyewe kuanzia kwenye fizi. Utaona kama nyama ya waridi imepanda juu ya jino, na ukigusa hapo taya linatetemeka. Hakuna chakula cha kutibu hilo. Jino linang'olewa chini ya nusukaputi. Watu wanaogopa kwamba mzee asiye na meno atakufa njaa, lakini paka asiye na meno anakula vizuri kuliko mwenye meno yanayouma, maana chakula cha paka tangu zamani ni kukata na kumeza, si kutafuna kama mbuzi.

Ukisubiri miadi, loweka chakula kikavu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 au 15 mpaka kibonyee kwa kidole. Akila kilicholowekwa na kukataa kikavu kilekile, umeshapata kidokezo: huenda shida iko mdomoni.

Kuna anayekuja, ananusa, analamba midomo, anameza mate mara kadhaa kisha anaondoka taratibu. Huyo huenda hana shida ya meno, ana kichefuchefu. Kwa umri huu figo ziwe mbele kwenye orodha yako, na nitazirudia. Na kuna anayekuja, anatazama, asinuse kabisa. Mkague pua. Mafua ya paka yakiziba pua, chakula kinakuwa kama jiwe kwake, kwa sababu paka anachagua kwa pua kabla ya ulimi. Futa pua kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi, pasha chakula, umpeleke.

Anakula vizuri sana na bado anakonda

Hili halionekani kama tatizo la chakula, ndiyo maana linachelewa. Jirani wanakusifu: "Mzee ana hamu!" Huku uti wa mgongo unahesabika chini ya manyoya.

Tezi ya thairoidi ikizidisha kazi, paka mzee anakula kama kijana, hatulii, analia usiku, anakonda. Kisukari nacho kinaleta njaa, kiu na mkojo mwingi. Minyoo pia, hasa kwa paka aliyekuwa anawinda au mwenye viroboto. Vipande vya tegu vinaonekana kama punje za mchele karibu na mkundu. Dawa ya minyoo ni rahisi, lakini iwe ya paka na ipimwe kwa kilo. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini zinaua paka, hata duka likikuambia ni ileile.

Pima uzito. Mizani ya bafuni inadanganya kwa mnyama mdogo, kwa hiyo mimi huenda na Sukari dukani kwenye kona, saa ya mchana hakuna wateja, akiwa ndani ya kikapu chake. Muuzaji anampima kwenye mizani ya sukari, tunatoa uzito wa kikapu. Siku ya kwanza alikuwa na kilo 3.3. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 7. Kwa macho hutaiona, manyoya yanaficha.

Pima maji anayokunywa pia. Jaza chupa ya nusu lita asubuhi, bakuli lijazwe kutoka humo tu, kesho yake uone kilichobaki. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 kwa siku, na sehemu ya hizo anaipata kwenye chakula. Akivuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, figo, kisukari au tezi viko mezani, na kipimo cha damu na mkojo ndicho kitakachotenganisha. Ukitumia mchanga wa choo, hesabu mabonge yaliyolowa. Yakiongezeka kwa ghafla ni habari ileile.

Hapa kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema: kumpunguzia mzee nyama "ili figo zipumzike" kabla ya kipimo. Paka mzee mwenye afya anahitaji protini ya kutosha kuliko wakati wowote, la sivyo misuli inayeyuka. Chakula cha figo ni cha paka aliyethibitishwa na ugonjwa wa figo, na shabaha yake kubwa ni kupunguza fosforasi.

Anataka mukene tu

Hapa ndipo paka wengi wa Uganda walipo. Posho (ugali) kidogo, mukene juu, mwisho wa habari. Posho si sumu, ila ni wanga unaojaza tumbo la mnyama ambaye mwili wake umeumbwa kula nyama. Mukene wenyewe ni chakula kizuri: samaki mzima, mifupa yake laini, protini tele. Shida ni kuwafanya chakula pekee, na shida ya pili ni kutojua unanunua mukene gani.

Kwenye mwalo wa Ggaba au Kasenyi utaona wameanikwa kwa njia mbili. Wanaokusudiwa watu wengi wao huanikwa juu ya wavu au chanja. Wanaokusudiwa kuku na mifugo mara nyingi hutandazwa chini, mchangani, na mchanga unasafiri nao mpaka jikoni kwako. Chukua ngumi moja, weka kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika tano, mwaga uone kilichotuama chini. Mimi nilipata kijiko kizima. Paka mzee mwenye fizi zinazouma anasaga mchanga huo, halafu tunasema anadeka.

Wengine hutiwa chumvi ili wasioze. Loweka, badilisha maji mara mbili, kisha chemsha. Kuchemsha kuna faida nyingine kwa samaki wabichi: baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayelishwa wabichi muda mrefu anaweza kuanza kuyumba, shingo ikiinama chini, hata kupata degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Samaki wenye mafuta mengi wakiwa chakula cha kila siku nao wanamaliza vitamini E mwilini. Mafuta chini ya ngozi yanavimba na kuuma, paka hataki kushikwa. Na kwa mwenye figo mbovu, mifupa ile midogo inabeba fosforasi ambayo hatuitaki.

Halafu kuna mchuzi. Mukene wa binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, uliobaki jana ni mtamu kwa kila mtu, lakini ndani yake kuna kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mtolee wake kabla hujakaanga.

Kumhamisha kutoka mukene hakufanyiki kwa ubabe. Mimi niliwakausha tena mukene waliooshwa na kuchemshwa, kwenye sufuria tupu juu ya sigiri yenye makaa kidogo, nikawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga. Unga ukakaa kwenye kopo la majani ya chai. Kijiko kidogo juu ya chakula kilicholowekwa, na Sukari akala huku akinguruma kama anagombana na mtu. Wiki ya pili nusu kijiko. Wiki ya nne ilikuwa harufu tu. Vijana hubadilishwa chakula kwa siku 7 hadi 10, robo baada ya robo. Mzee mpe mwezi, na akigoma rudi hatua moja, usirudi mwanzo.

Asubuhi anakula, jioni anakikataa kilekile

Mara nyingi mkosaji ni chakula chenyewe. Chakula chenye majimaji kikikaa saa mbili kwenye joto letu kimeharibika kwa pua yake hata kama kwa pua yako bado. Kikitoka kwenye friji kina baridi, hakina harufu, na pua ya mzee imeshapungua makali. Kipashe kifikie joto la mwili, kama nyuzi 38. Kwa kidole kiwe vuguvugu, kisichome. Umeme ukikatika usiku kucha, mkebe uliofunguliwa utupe, hata ukiuma mfukoni.

Chakula kikavu kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi kina tatizo la mafuta kuchacha. Kiponde viganjani, unuse: kikinuka kama mafuta ya kukaangia mandazi ya juzi, paka yuko sahihi. Nunua mfuko mdogo unaoisha ndani ya mwezi, ufunge, uuweke mbali na jiko.

Na sisimizi. Weka sahani katikati ya sinia lenye maji kidogo. Nilipofanya hivyo, "udekaji" wa jioni uliisha siku hiyohiyo.

Anakula usiku tu, nyumba ikilala

Huyo anaogopa. Ametoka kwenye nyumba yenye harufu zake, sauti zake, watu wake. Mpe chumba kimoja, sahani mbali na mchanga wake wa choo, maji mbali na sahani, sahani pana isiyobana sharubu, na uwazuie watoto. Chakula alichokuwa anakula kwa wenyewe wa kwanza, hata kama hukipendi, mpe hicho kwa wiki mbili. Usibadilishe nyumba na chakula siku moja. Ndiyo maana ukichukua paka mtu mzima uliza jina la chakula kabla ya kuuliza jina la paka.

Anatapika au anaharisha tangu aje

Umebadilisha haraka, au kuna mtu anampa maziwa. Paka wakubwa wengi hawamudu sukari iliyo ndani ya maziwa. Acha maziwa, rudi kwenye chakula cha zamani, na kuhara kukizidi siku mbili au kukiwa na damu, kliniki.

Sasa nimpe nini hasa?

Msingi uwe chakula kilichoandikwa kwenye mfuko kwamba ni kamili kwa paka mkubwa. Tafuta neno "complete". Vile vipakiti vya kitoweo vyenye neno "complementary" ni vya kuongezea tu. Sababu ni taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Ikikosekana kwa muda mrefu, macho yanapofuka na moyo unatanuka na kulegea. Chakula cha mbwa hakina sharti la kuwekewa taurini, kwa hiyo mfuko wa mbwa, hata wa bei nzuri, si mbadala.

Kwa kiasi, paka wa kilo 4 asiye na pilikapilika anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Chakula kikavu kwa kawaida kina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 50 hadi 57 zinamtosha, zigawe mara nne. Kikombe cha chai si kipimo. Kikavu kina maji kama sehemu ya kumi tu, cha mkebe kina zaidi ya robo tatu, na paka ni kiumbe wa asili ya jangwani asiyejua kunywa vizuri. Pesa ya mikebe ya kila siku sina. Naloweka kikavu, namnunulia mkebe pale inapowezekana, na nalala vizuri.

Cha nyumbani kiwe nyongeza ndogo, kama sehemu ya kumi ya mlo. Paja la kuku lina taurini nyingi kuliko kidari, na moyo wa kuku nao unayo nyingi. Taurini inatoka na kuingia kwenye maji ya kupikia, basi chemsha kwa maji machache bila chumvi wala kitunguu, na supu yake umwagie juu ya chakula. Mifupa iliyopikwa toa. Maini wanayapenda kupita kiasi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa wiki kinatosha, maana vitamini A ikizidi kwa miezi mingi mifupa ya shingo inaungana na paka hawezi tena kuinamia sahani. Watu humwona hali chakula, wanamuongezea maini.

Usihangaike kumvutia kwa asali au juisi. Ulimi wa paka hauonji utamu kabisa, kipokezi chake hakifanyi kazi. Aliyempa Sukari jina hilo hakulijua hilo, na mimi sikulibadilisha.

Shida ya Sukari ilikuwa meno mawili. Yalitolewa, akala chakula laini siku kumi, kisha akaanza kulilia unga wa mukene kila aliposikia kinu. Ijumaa iliyopita tulirudi dukani: kilo 3.7 bila kikapu. Muuzaji aliuliza: "Nimfungie kwenye karatasi?"